Gramu 20 kwa pampu moja: jinsi ya kulisha makadamia yako madini madogo bila kupoteza pesa

Wiki hii somo letu linatoka shambani, lakini simu yako pia ina kazi humo ndani.

Ukitembea Gatongora, huko Ruiru, utaona mashamba ya zamani yaliyokatwa viploti, na karibu kila boma limebakisha miti michache ya makadamia. Mitano hapa, kumi na miwili kule. Kila msimu wanunuzi hupita, njugu hupimwa kwa mizani, na pesa huingia kwa simu. Halafu swali ni lile lile: mbona mti wa jirani unajaza magunia, na wangu una majani mengi tu na njugu ndogo?

Mara nyingi mkulima hujibu swali hilo kwa kununua mfuko mzima wa mbolea ya mahindi na kuumwaga chini ya mti. Mwaka unaofuata mti unakuwa wa manjano. Wengine hukata tamaa na kuita fundi wa msumeno.

Kabla hujafika huko, soma somo hili. Utajifunza mambo manne:

- Madini madogo ni yapi, na makadamia huonyesha vipi kwamba yamepungua.
- Kwa nini upime kwanza kabla ya kununua.
- Hesabu ya kupuliza miti 20, kwa gramu na kwa shilingi.
- Namna ya kuweka akiba, kulipa na kutunza rekodi kwa simu ili usiuziwe unga wa bure.

Mti huu si mgeni kwetu

Makadamia asili yake ni Australia. Kenya ililetwa mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, aliyeipanda karibu na hapa Thika. Mwaka 1974 kampuni ya Kenya Nut ilianza Thika, na tangu hapo njugu hii ikawa biashara. Leo Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, pamoja na Australia na Afrika Kusini. Aina zilizochaguliwa hapa nchini, kama KRG-15, MRG-20, EMB-1 na KMB-3, zilitokana na miti bora ya Kirinyaga, Murang'a, Embu na Kiambu.

Lakini kumbuka jambo moja kuhusu asili yake. Makadamia ilizoea udongo wa Australia wenye fosforasi kidogo sana. Ina mizizi midogo iliyokusanyika kama brashi, kazi yake ni kukwangua chakula kidogo kidogo karibu na uso wa udongo. Ukiipa fosforasi nyingi kwa mpigo, mti hushindwa kutumia chuma na zinki. Ndiyo maana mti uliomwagiwa DAP kila mwaka unaweza kugeuka manjano huku mwenyewe akiapa kwamba ameulisha vizuri.

Samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi. Huku kwetu watu wengi wanafuga kuku, na samadi hiyo huishia chini ya mti ulio karibu na banda. Tumia kidogo, iliyooza vizuri, na uitawanye.

Madini madogo ni yapi?

Mti unahitaji naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Hiyo ndiyo mbolea tunayoijua sote. Lakini unahitaji pia boroni, zinki, chuma, shaba na manganizi, kwa kiasi kidogo mno. Kidogo si kusema si lazima. Ni kama chumvi kwenye mboga: chungu kizima kinahitaji kijiko, na ukikosa hicho kijiko kila mtu mezani anajua.

Hizi ndizo dalili za kutafuta:

Boroni. Ncha za matawi hukauka, maua huwa mengi lakini njugu zinazoshika ni chache, na viini huwa vidogo. Hili ndilo dini dogo linalogusa mfuko wako moja kwa moja. Watafiti wa Australia walipopulizia boroni miti iliyokuwa na upungufu, uzito wa njugu na sehemu ya kiini ndani ya ganda viliongezeka.

Zinki. Majani mapya huwa madogo, membamba, na hurundikana kwenye ncha ya tawi kama ufagio. Nafasi kati ya duara moja la majani na jingine hufupika.

Chuma. Majani machanga kabisa huwa manjano au meupe, lakini mishipa yake hubaki kijani. Majani ya zamani huwa sawa. Ukiona hivi, jiulize kwanza kama uliweka DAP, samadi ya kuku au chokaa nyingi.

Shaba. Ncha za matawi machanga hujipinda, kisha hukauka.

Umeona tatizo? Ncha zinazokauka zinaweza kuwa boroni, zinaweza kuwa shaba, na pia zinaweza kuwa ukame au ugonjwa wa mizizi. Macho peke yake hayatoshi. Ukinunua dawa kwa kukisia, unaweza kulipa mara tatu na bado usiguse shida yenyewe.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Bahati yetu ni kwamba hatuko mbali na maabara. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko hapa hapa Ruiru, chini ya KALRO, na hupima udongo na majani. Kituo cha KALRO cha utafiti wa mazao ya bustani kiko Kandara, na kazi ya makadamia inafanyika huko. Piga simu kwanza uulize bei ya siku hiyo na wanavyotaka sampuli iletwe.

Kwa udongo, fanya hivi:

1. Chukua udongo chini ya miti, pale kivuli cha matawi kinapoishia, sehemu 15 hadi 20 ukizunguka shamba lote.
2. Fagia majani makavu kando, kisha chimba kina cha kama sentimita 30.
3. Changanya vizuri kwenye ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati. Bati limepakwa zinki, na maabara itakuambia una zinki ya kutosha kumbe ni ya ndoo.
4. Toa nusu kilo, weka kwenye mfuko safi. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea.

Kwa majani, chagua yaliyokomaa, yasiwe machanga wala ya zamani sana. Kwenye tawi, ruka duara la kwanza la majani lililo kwenye ncha na uchume la pili. (Ukihesabu majani ya duara moja utajua pia mti wako ni wa jamii gani: ile yenye ganda laini huwa na majani matatu kila duara, na ile yenye ganda la mikwaruzo huwa na manne.) Chuma kutoka miti kadhaa, pande zote nne. Usichume kutoka mti uliopulizwa dawa karibuni.

Majibu yakija, angalia vitu viwili kwanza. Cha kwanza ni pH ya udongo. Makadamia hupenda kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Udongo wetu mwekundu huelekea kuwa na asidi, kwa hiyo wengi huambiwa waweke chokaa. Weka kiasi ulichoambiwa tu. Ukizidisha chokaa, zinki, chuma, manganizi na boroni hujifungia udongoni na mti haufikii.

Cha pili ni boroni kwenye majani. Kiwango kinachotumika Hawaii, ambako makadamia imelimwa muda mrefu, ni sehemu 40 hadi 75 kwa milioni. Ukiwa chini ya hapo, una sababu ya kununua. Ukiwa juu ya hapo, usinunue hata kama muuzaji anakuchekea vizuri namna gani.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya gramu

Hapa ndipo watu wengi huharibu.

Tuseme maabara imesema una upungufu wa boroni, na umepata poda ya boroni ya kuyeyusha majini, kwa mfano Solubor. Kipimo cha kawaida cha kupulizia majani ni gramu 1 kwa kila lita ya maji. Soma lebo ya pakiti yako. Lebo ikisema kidogo kuliko hapo, fuata lebo.

Una miti 20. Mti wa wastani tuseme unachukua lita 5:

- Miti 20 mara lita 5 = lita 100.
- Pampu ya mgongoni ya lita 20: unajaza mara 5.
- Kila pampu inataka gramu 20.
- Jumla ni gramu 100 kwa shamba lote.

Gramu mia moja! Hiyo ni sehemu ya kumi ya kilo moja. Pakiti ya kilo moja ingekutosha mara kumi.

Sasa fikiria mtu asiye na mizani. Anachukua kikombe cha chai, anachota, anamimina kwenye pampu. Kikombe hicho kinaweza kubeba gramu 200. Amezidisha mara kumi. Boroni ina hulka hiyo mbaya: umbali kati ya kutosha na sumu ni mfupi. Iliyozidi huunguza kingo na ncha za majani, kuanzia yale ya zamani, kisha majani hudondoka.

Ni kosa la sifuri moja, kama kutuma 5,000 badala ya 500. Pesa ukikosea unaweza kupiga simu huduma kwa wateja ukaomba muamala urejeshwe. Mti hauna huduma kwa wateja. Kwa hiyo nenda na poda yako dukani upimiwe kwa mizani ndogo, funga gramu 20 kwenye vikaratasi vitano, na uandike juu ya kila kimoja.

Kwa zinki, kuna aina zaidi ya moja ya salfeti ya zinki, na nguvu zake hazilingani: moja ina zinki kama asilimia 22, nyingine kama 35. Usitumie kipimo cha jirani kama pakiti zenu si sawa.

Hatua ya 3: Puliza wakati unaofaa

- Boroni: puliza kabla ya maua kufunguka, na tena njugu zinapoanza kushika. Usitegemee iliyopulizwa mwaka jana, kwa sababu haihami vizuri kutoka majani ya zamani kwenda kwenye maua mapya.
- Zinki: puliza machipukizi mapya yanapofunguka, yakiwa bado laini.
- Saa: asubuhi mapema au jioni. Jua kali huunguza majani yenye dawa, na mchana nyuki wako kazini. Bila nyuki hakuna njugu.
- Mvua: ukiona wingu, ngoja. Ikinyesha saa moja baada ya kupuliza, pesa imeenda na maji.
- Usichanganye na dawa ya wadudu kwenye pampu moja mpaka umehakikisha kwenye lebo kwamba zinakubaliana.

Na usisahau chakula cha bei rahisi zaidi: majani makavu, maganda ya makadamia yaliyooza na mboji chini ya mti. Hivi hurudisha madini madogo taratibu na hulinda ile mizizi ya juu juu. Usilime kwa jembe chini ya mti, utaikata.

Hatua ya 4: Tenga pesa siku ile ile unayolipwa

Shida ya wengi wetu ni kalenda. Pesa ya makadamia huingia wakati wa mavuno. Boroni hutakiwa miezi kadhaa baadaye, maua yanapokaribia. Hapo katikati kuna karo, matanga, harusi na bili ya hospitali. Siku ya kununua dawa ikifika, simu imekauka.

Dawa yake ni kukata kidogo kila pesa inapoingia. Huu ni mfano tu, weka bei zako mwenyewe:

- Umeuza kilo 60 kwa shilingi 100: imeingia 6,000.
- Umeamua kutenga shilingi 6 kwa kila kilo: 360 inakwenda akiba.
- Ukiuza kilo 500 msimu mzima, umepata 50,000 na umetenga 3,000.

Hiyo 3,000 ihamishe kwenye sehemu ya akiba ya simu yako, ile iliyotengwa na salio la matumizi, na uipe jina: MAKADAMIA. Hamisha siku ile ile, kabla hujatoka kwenye mizani. Ikilala usiku mmoja pamoja na pesa nyingine, haitaamka.

Na kwa kuwa gramu 100 tu zinakutosha, huna haja ya kununua pakiti ya kilo peke yako. Majirani watano wanaweza kuchanga. Mmoja awe mweka hazina, kila mtu atume sehemu yake kwa simu, kisha mweka hazina alipe mara moja na kutuma picha ya risiti kwenye kundi lenu. Kila mtu ana ujumbe wake, hakuna ubishi.

Hatua ya 5: Lipa kwa macho wazi

Mwaka 2024 nchi nzima ilizungumzia mifuko ya mbolea ambayo ndani haikuwa mbolea inayofaa. Madini madogo ni rahisi zaidi kughushi, maana ni poda nyeupe kwenye pakiti ndogo. Jilinde hivi:

1. Lipa kwa nambari ya Till au Paybill ya duka. Nambari ya mtu binafsi haionyeshi kwamba umelipa duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama si jina la agroveti uliyosimama ndani yake, simamisha.
2. Omba risiti. Elewa tofauti hii vizuri: ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba umelipa, umelipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Hausemi ulinunua nini. Risiti ndiyo inayosema. Iandikwe jina la bidhaa, uzito na nambari ya toleo.
3. Piga lebo picha, mbele na nyuma, kabla hujafungua. Asilimia ya boroni au zinki lazima iwe imeandikwa.
4. Hakiki alama ya ubora ya KEBS. Tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya #, na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, kwenda 20023.
5. Usinunue poda ya kupimwa kutoka mfuko uliofunguliwa na usio na lebo, hata ukipunguziwa bei.

Tahadhari nyingine ni mbolea ya ruzuku. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 mnamo Agosti 2023, na mkulima aliyesajiliwa hupata vocha kupitia simu. Matapeli wanalijua hilo. Ukipigiwa na mtu anayesema amekuwekea mifuko na utume "pesa kidogo ya kuifungulia", kata simu. Vocha yako haifunguliwi kwa kumtumia mtu pesa, na hakuna mfanyakazi wetu wala wa serikali atakayekuuliza PIN. Pia kumbuka tulichosema juu: hata DAP halali na ya bei nafuu, kwa makadamia inaweza kuwa hasara. Inunulie mahindi.

Hatua ya 6: Weka daftari, au tumia simu kama daftari

Kila mwisho wa msimu, omba taarifa ya miamala yako. Weka alama kwenye malipo yote ya makadamia: maabara, boroni, nauli ya boda boda, kibarua wa kupuliza. Jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya miti. Tuseme umetumia 3,000 kwa miti 20: ni shilingi 150 kwa mti. Kama bei ni 100 kwa kilo, kila mti unahitaji kuongeza kilo moja na nusu tu kurudisha gharama. Kinachozidi hapo ni chako.

Usibadilishe kila kitu kwa mara moja. Mwaka wa kwanza acha miti miwili bila kupuliza, ifunge kitambaa, na upime njugu zake kando. Hiyo ndiyo maabara yako ya bure. Kama iliyopulizwa haijazidi, una ushahidi wa kurudi kwa afisa wa kilimo na kuuliza, badala ya kununua tena kwa imani.

Na uwe na subira. Majani hujibu ndani ya wiki chache, lakini njugu huchukua miezi sita au saba kutoka ua hadi kudondoka. Usizichume kabla ya kukomaa kwa sababu mnunuzi ana haraka. AFA hufunga mavuno kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Novemba, kwa sababu hiyo hiyo: njugu changa haina mafuta ya kutosha, na huharibu jina la njugu zetu zote sokoni.

Kwa ufupi

- Pima udongo na majani kwanza. Tumia ndoo ya plastiki.
- Punguza DAP na samadi ya kuku chini ya makadamia.
- Boroni: gramu 1 kwa lita, gramu 20 kwa pampu, kwa mizani.
- Tenga shilingi chache kwa kila kilo, siku unayolipwa.
- Soma jina kabla ya PIN. Dai risiti. Piga lebo picha.

Jipime

1. Una miti 12, kila mmoja unachukua lita 5. Unahitaji gramu ngapi za boroni?
2. Umelipa agroveti na ujumbe umeingia. Bado unahitaji nini kabla ya kutoka dukani?
3. Majani machanga ni manjano, mishipa ni kijani. Swali la kwanza la kujiuliza ni lipi?

Majibu: (1) Lita 60, kwa hiyo gramu 60. (2) Risiti yenye jina la bidhaa, uzito na nambari ya toleo. (3) Je, nimeweka fosforasi au chokaa kupita kiasi?

Ukipata yote matatu, mtumie somo hili jirani mwenye miti. Na kama ameshaita fundi wa msumeno, mpigie simu leo.